Lugha na Cheo katika Wimbo wa Lawino

Kila lugha hufanya kazi mbili kinywani mwa msemaji. Kazi ya kwanza ni kufikisha maana kwa msikiaji. Kazi ya pili ni kumtambulisha msemaji mwenyewe, atokako, alikosoma, na daraja analodai kuwa nalo. Watu wawili wanapoijua lugha moja sawasawa, kazi ya kwanza hutangulia na ya pili hufuata nyuma kimya kimya. Lakini mtu akiamua kusema na mwenziwe kwa lugha ambayo mwenziwe haijui, kazi ya kwanza hufa papo hapo, ikabaki ya pili peke yake. Hapo lugha haiwi tena chombo cha mazungumzo, huwa vazi. Na kama yalivyokuwa majoho ya zamani, heshima ya vazi hilo haitoki katika kitambaa tu, bali hutoka katika uchache wa watu walio nalo.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuanza kulijua jambo hili kwa kuja kwa Waingereza. Neno ustaarabu, ambalo leo hutumika kwa kila mwenendo mwema wa watu walioendelea, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuishika hali ya Uarabu. Katika neno hilo moja imehifadhiwa habari ya zama ambazo mtu alipimwa kwa ukaribu wake na lugha na desturi za wageni. Zama hizo zilipopita kipimo hakikuvunjwa. Kilihamia mikono mingine. Mahali pa Kiarabu pakaketi Kiingereza, na hata leo mtu akisema jambo dogo kwa Kiingereza mbele ya watu wa Kiswahili, aghalabu hupewa kiti kabla halijajulikana alilosema.

Fasihi ya Afrika Mashariki imelitazama jambo hili mara nyingi, walakini ni vitabu vichache vilivyolitazama kwa karibu kama shairi refu la Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi kutoka Uganda ya kaskazini, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931 na kufariki mwaka 1982. Shairi hilo lilitungwa kwa Kiacholi. Lilitolewa kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1966. Kwa Kiacholi lilitolewa mwaka 1969. Na mwaka 1975 lilitoka kwa Kiswahili kwa kazi ya Paul Sozigwa, kwa jina la Wimbo wa Lawino. Msomaji ashike mpangilio wa miaka hiyo mitatu, maana una neno lake la kusema katika hukumu ya shairi hili, na neno hilo litarudi mbele.

Mwimbaji ni Lawino, mwanamke wa Kiacholi ambaye hakwenda shule. Anayelalamikiwa ni mumewe, Ocol, aliyesoma mpaka chuo kikuu, naye amempata mwanamke mwingine aitwaye Clementine, apakaye poda, apakaye midomo rangi, na asemaye Kiingereza. Ocol anaona haya kwa mkewe. Amwona mshamba, hajui saa, hajui kupika kwa jiko la kisasa, hajui kucheza dansi za Kizungu. Shairi lote, sehemu kumi na tatu, ni majibu ya Lawino: nywele zake, chakula chake, ngoma zake, dawa zake na mizimu yake vinatajwa kimoja kimoja na kutetewa kimoja kimoja.

Katika malalamiko ya mwanzo kabisa yapo mashtaka ambayo msomaji mwepesi huyapita. Lawino asema kwamba mumewe humtukana kwa Kiingereza, na ya kuwa hufanya hivyo kwa majivuno. Yafaa kusimama hapa. Tusi husudiwa kumwumiza atukanwaye, na haliwezi kumwumiza asipolielewa. Mtu atukanaye kwa lugha ambayo mtukanwa haijui amefanya kazi bure, isipokuwa kama tusi lenyewe silo maneno. Katika nyumba ya Ocol tusi silo maneno. Tusi ni lugha. Asemalo Ocol laweza kuwa hili ama lile, na Lawino asipoteze kitu kwa kutolijua. Amekwisha kupata ujumbe wote alioletewa, nao ni kwamba kuna chumba katika kichwa cha mumewe ambamo yeye hataingia.

Uzito wa jambo hili hujulikana zaidi mtu akikumbuka hali ya Lawino kabla ya kuolewa. Yeye hakuwa mtu asiye na cheo. Alikuwa kiongozi wa wasichana wenzake, mchangamfu, mwenye sauti, mwenye jina lililosikika mbali. Ocol wa siku hizo alimtaka na kumbembeleza. Kwa lugha gani? Shairi halina haja ya kutaja, kwa kuwa Lawino hana lugha nyingine. Posa ile haikuweza kusemwa ila kwa Kiacholi. Basi mume huyu alipokuwa na haja ya kueleweka alisema lugha ya mama yake, na alipokuwa na haja ya kuonekana tu alisema Kiingereza. Hakuna darasa la isimu linaloweza kuzitenga kazi mbili za lugha kwa uwazi kuliko ndoa hii.

Wasomaji wengi huishia katika kicheko. Ocol na Clementine ni watu rahisi kuchekwa, na mshairi hakuwahurumia. Hali kadhalika, katika vitabu vya Kiswahili na katika michezo ya jukwaani, mtu anayechanganya Kiingereza ili aonekane msomi amekuwa kichekesho cha siku nyingi. Wenyeji husema kwamba cha kuazima hakisitiri matako, na watazamaji huenda nyumbani wameridhika. Lakini kicheko hicho kina kasoro. Mcheshi humcheka yule aliyelivaa joho vibaya, aliyekosea matamshi au aliyetia neno la kigeni mahali pasipo pake. Yule aliyelivaa vizuri huachwa akapita, na pengine huinukiwa. Kicheko cha namna hiyo hakiupingi utawala wa joho. Huulinda, kwa kuwafukuza wasiostahili kulivaa. Kama Wimbo wa Lawino ungekuwa kicheko tu, ungekuwa kitabu cha kufurahisha na kusahauliwa.

Nguvu yake imo katika sehemu ya tisa. Humo Lawino amejaa maswali kuhusu dini aliyoletewa. Ameambiwa kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi. Yeye anajua jinsi mfinyanzi afanyavyo kazi: huchimba udongo mahali, hukaa mahali, huwa na mkono wa kufinyangia. Basi auliza: kabla nchi haijakuwapo, udongo ulichimbwa katika mdomo wa mto gani? Muumba alisimama wapi? Na yeye mwenyewe aliumbwa na nani? Padri hapendi maswali haya. Mtawa hapendi maswali haya. Akimwuliza mumewe, Ocol hukataa kujibu. Husema kwamba yeye, mtu wa chuo kikuu, hawezi kushindana na mtu asiyesoma. Tena husema kwamba majibu mengine hayawezi kutolewa kwa Kiacholi, kwa kuwa lugha hiyo ni duni, ina maneno machache, wala haikuumbwa kwa mawazo mazito kama ilivyoumbwa lugha ya Wazungu.

Hapa mshairi hakumjibu Ocol kwa hoja. Alifanya jambo lililo bora zaidi: aliweka dai na kanusho katika ukurasa mmoja. Swali la Lawino ni swali la asili ya vitu, ambalo wanafalsafa wa mataifa mengi wamelihangaikia kwa karne nyingi, nalo limeulizwa kikamilifu, bila kupungukiwa neno, kwa lugha inayosemwa kuwa haina maneno. Tena kuna kichekesho cha pili ndani ya kile cha kwanza, ambacho ni kirefu zaidi. Ili Ocol aweze kumweleza mkewe kwamba Kiacholi hakifai kwa mambo mazito, ilimpasa aseme hivyo kwa Kiacholi. Vinginevyo Lawino asingeweza kuyasimulia maneno hayo. Lugha iliyohukumiwa kuwa haitoshi ilitosha kubeba hukumu yake yenyewe.

Msomaji atauliza basi ni kitu gani kilichopungua, ikiwa si maneno. Jibu limo katika tabia ya Ocol. Kilichopungua ni jibu. Ocol hajui udongo ulichimbwa wapi. Elimu yake haikumfikisha huko, na Kiingereza chake kimekuwa pazia la kuficha mahali ambapo elimu yake imekoma. Hii ndiyo shabaha ya ndani ya shairi, na ndiyo sababu ya kulisoma tena leo: lugha ya cheo hutumika sana mahali ambapo mwenye cheo hana la kusema. Mtu aliye na jibu hutafuta njia ya kulitoa, hata kwa mfano wa chungu na mfinyanzi. Mtu asiye nalo hutafuta njia ya kumfanya mwulizaji ajione hakustahili kuuliza.

Sehemu ya nane, inayotangulia, imeitayarisha hii ya tisa kwa namna nyingine. Lawino aeleza jinsi alivyoingia darasa la jioni la kujifunza katekisimu. Mwalimu hupaza sauti, wanafunzi hurudia. Maneno hayana maana kwao. Nao huyapiga kelele kama kasuku. Hapana anayeuliza, kwa sababu hapana aliyeelewa kiasi cha kuweza kuuliza. Ni jambo la kushangaza kwamba mwanamke huyu huyu, mjinga katika darasa la usiku, ni mwanafalsafa katika sehemu inayofuata. Akili yake haikubadilika kati ya kurasa hizo. Kilichobadilika ni lugha aliyoruhusiwa kufikiri kwayo.

Darasa lile la jioni halikubaki Uacholini. Nchini Tanzania, kuanzia mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, lakini sekondari ilibaki katika Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, ilipendekeza kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1984 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiendelee. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua njia ya Kiswahili katika ngazi zote, walakini madarasa ya sekondari yameendelea kama yalivyokuwa. Basi mtoto wa shule ya msingi ya kawaida aliyesoma hesabu, sayansi na jiografia kwa Kiswahili kwa miaka mingi hufika kidato cha kwanza, na kutoka hapo kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe na lugha nyingine, huja kwake kwa sauti ya darasa la Lawino.

Walioingia katika madarasa hayo wanajua yatokeayo. Mwalimu huandika ubaoni, wanafunzi hunakili. Mwalimu mwenye huruma huufunga mlango, akaeleza kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa Kiingereza, kama mtu atoaye sadaka kwa siri. Mwanafunzi aliyekuwa na maswali mengi katika darasa la saba hunyamaza. Si kwamba hana swali. Ana swali bila ya daraja la kulivushia. Hujifunza kukariri, na akikariri vizuri hufaulu, na akifaulu huambiwa kwamba ana akili. Aliyeshindwa naye huambiwa kwamba hana akili, na ubaya mkubwa kupita wote ni kwamba husadiki. Hivyo ndivyo cheo cha lugha kinavyotengenezwa. Hakitoki katika kiburi cha watu wachache kama Ocol. Kiburi hicho ni moshi tu. Moto umo katika mtihani, katika mlango wa ofisi, na katika usaili wa kazi.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hayo ni maneno ya Ocol, na hayakuwa mapya hata katika kinywa chake. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Kwa kazi hiyo madini ya msamiati yalikwisha kuchimbwa; kilichokosekana ni soko la kuyauzia, maana neno lisilofundishwa hubaki kamusini kama chungu kisichoteleka. Mahakama nazo zimetoa ushahidi. Miaka mingi baada ya uhuru, hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliyehukumiwa alihitaji mwingine wa kumweleza yaliyompata. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha haikuota maneno mapya katika usiku mmoja. Uamuzi tu ndio uliofanywa.

Wako pia watakaosema, kwa haki kubwa zaidi, kwamba Kiingereza ni mlango wa dunia, kwamba vitabu vingi vya sayansi vimo humo, na kwamba mzazi anayeuza mboga sokoni ili alipe ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza hafanyi hivyo kwa majivuno. Neno hili ni la kweli, wala mhakiki hana ruhusa ya kulidharau. Mama yule si Clementine. Ameona kwamba mlango una kufuli, na anamnunulia mwanawe ufunguo kwa jasho lake. Kumcheka yeye ni kumcheka mtu anayekimbia mvua. Tofauti ya mama huyu na Ocol ni kubwa: mama anatafuta lugha ili mtoto wake aingie, na Ocol anaitumia lugha ili mkewe asiingie. Lakini ni kufuli moja inayomtoza mama na kumtukuza Ocol, na ikiwa nchi haitaigusa kufuli, kila mama atalipa kwa kadiri ya mfuko wake, na asiye na mfuko atabaki nje na maswali yake.

Hapa ndipo Wimbo wa Lawino unapopungua. Mwisho wa shairi, Lawino anamwita mumewe arudi. Amwandalia dawa za kumtapisha na kumsafisha, amtaka aombe radhi kwa wazee na mizimu, apate tena nguvu za kiume ambazo, kwa maoni ya Lawino, zilipondwa na vitabu darasani. Nyumba ya Ocol ameiona kama msitu mkubwa wa vitabu, wenye giza, wenye kuzuia pumzi. Tiba hii ni nzuri kwa ndoa, na ina uchungu wa kweli ndani yake, lakini haitoshi kwa ugonjwa ambao shairi lenyewe limeupima kwa usahihi mkubwa. Ocol akitapika Kiingereza chote, je, maswali ya Lawino yatajibiwa? Msitu ule utabaki pale pale umefungwa. Hakuna mahali ambapo Lawino anadai kwamba vitabu vile vifunguliwe kwa Kiacholi, na hali yeye ndiye mtu anayestahili kupita wote kuvisoma. Amepewa akili ya kuuliza udongo ulichimbwa wapi, kisha amenyimwa hamu ya kushika kitabu.

Mshairi mwenyewe alifahamu zaidi kuliko mwimbaji wake. Okot p'Bitek alifika Uingereza mwaka 1956 pamoja na timu ya mpira ya Uganda, akabaki huko kusoma, akapitia Bristol, Aberystwyth na Oxford. Kwa elimu alikuwa Ocol. Kwa moyo alikuwa Lawino. Aliyajua mapito yote ya msitu ule. Hata hivyo, wimbo wake wa kuishtaki lugha ya cheo ulijulikana kwanza kwa lugha ya cheo, na yeye mwenyewe alikiri kwamba katika kuuvusha alipoteza vina na mapigo ya Kiacholi. Waacholi walingoja miaka mitatu kuusoma wimbo wao katika lugha yao, na jirani zao wa Kiswahili walingoja tisa. Kumtia mshairi hatiani kwa hili ni ukali usio na maana. Mpangilio huu wa miaka ni ushahidi wa hali ambayo hata mwenye kuipinga hulazimika kupita katika lango lake.

Katika Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, na sharti la kualikwa lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwako akiwa mwanafunzi, alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya Kiswahili, hakuweza kuhesabiwa kwa sharti hilo, na hali yeye mwanafunzi alihesabiwa. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo. Hakuhitaji mwaliko ule ili awe mwandishi. Lakini ni vema kukumbuka alichofanya na Kiingereza chake. Mwaka 1952 alitoa kwa Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam, aliyoyapata kwa tafsiri ya Kiingereza ya FitzGerald. Julius Nyerere, aliyepata shahada yake Edinburgh mwaka huo huo wa 1952, alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 pamoja na Mabepari wa Venisi. Mwaka huo huo wa 1969 ilikamilika tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy kwa Kiswahili. Watu hawa watatu hawakufanana kwa elimu wala kwa shabaha, lakini wote walifanya kinyume cha Ocol. Walichokipata katika lugha ngeni walikileta barazani, mbele ya watu wasioijua lugha hiyo, wapate kukipima wenyewe.

Ndiyo kusema kwamba swali halikuwa kamwe Kiingereza kijulikane au kisijulikane. Waliokijua vizuri hawakuhitaji kukivaa. Hata Nyerere, ambaye serikali yake ndiyo iliyokibakiza Kiingereza katika sekondari mwaka 1984, kwa kalamu yake mwenyewe alionyesha njia bora kuliko ile ya uamuzi huo: alithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba hotuba za Bruto na Antonio. Ni vigumu kusadiki kwamba lugha iliyobeba Shakespeare itavunjika mgongo kwa kubeba mtiririko wa damu na sheria za mwendo.

Wenye Kiswahili nao wasijivunie haraka. Lugha za makabila ya Tanzania huitwa vilugha, na neno hilo hutamkwa kwa namna inayozipunguza. Mtoto wa Kihehe au wa Kiha anayejaribu kusema lugha ya bibi yake mjini huweza kuchekwa na wale wale wanaolalamika kwamba Kiswahili hudharauliwa. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Kiyao, akakifanya Kiswahili kuwa chake kwa mapenzi na kazi. Hilo ni jambo jema. Lakini mapenzi kwa lugha moja hayahitaji aibu kwa nyingine. Aliyekuwa Ocol kwa Kiingereza aweza kuwa Ocol kwa Kiswahili, na Lawino hatajali sana ni lugha ipi aliyofungiwa nayo nje.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiingereza kimekuwa mgeni katika nchi hizi kwa muda mrefu sana, na bado kimekalishwa sebuleni, kimevishwa joho, kinapepewa. Hakuna haja ya kukifukuza. Kipewe jembe: kitafsiriwe, kifundishwe kama lugha kwa walimu walioandaliwa vema, kiletwe shambani kulima pamoja na wenyeji, na mazao yagawiwe kwa wote. Siku hiyo hakitakuwa na cheo tena, kwa kuwa kila mtu atakuwa na faida yake. Na mwanamke aliyeuliza udongo ulichimbwa katika mdomo wa mto gani, naye bado anangoja, atajibiwa kwa lugha aliyoulizia. Au, akikosekana mwenye jibu, ataambiwa wazi kwa lugha hiyo hiyo kwamba hapana ajuaye.